Jini la Hamad

Konde nzima, kule Pemba, ilijua kuwa Hamad Nyange ana jini. Hakuwa nalo alipokuwa kijana, wala siku alipomwoa Mwanawema binti Mwalim. Lilimjia, watu walisema, baada ya kumpa mkewe huyo talaka, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumletea habari za Mwanawema.

Na habari zilimfika kweli. Mwanawema alikuwa fundi cherehani, na mkono wake katika nguo za maharusi ulisifiwa hadi Micheweni. Wateja walimtumia picha za mishono kwa simu, wakapatana, kisha yeye akaenda kupima. Tangu aachwe, mara nyingi alifika mlangoni akakuta watu wamenuna. Hamad alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesema kwamba Mwanawema ana mkono wa nuhusi, na bi harusi atakayevaa nguo yake hatakaa na mume. Alijuaje kuwa anakwenda nyumba ile, siku ile? Mwanawema hakuwa amemwambia mtu.

Akatokea mchumba, bwana mmoja mpole wa Wete aliyefiwa na mkewe. Walizungumza kwa simu tu, hata Bi Kijakazi, mama yake Mwanawema, hakuwa na habari. Haukupita muda, Hamad akawa amekwenda Wete kunywa kahawa na kaka zake yule bwana. Simu ya mchumba haikupigwa tena.

Lakini lililomvunja Mwanawema nguvu kabisa ni la sokoni. Hamad alimsimamisha mbele ya wauza ndizi, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Juzi jikoni ulimwambia mama'ako kuwa mie ni kidonda kisichopona. Haya, kidonda chako hiki hapa."

Mwanawema alirudisha ndizi alizokuwa ameshika. Maneno yale aliyasema kweli, lakini aliyasema akikuna nazi, mlango umefungwa, hakuna mwingine ila yeye na mama yake.

"Rudi kwangu," Hamad akamwambia, safari hii kwa upole. "Kila usemalo nalisikia. Kila uendako nakuona. Utajificha wapi?"

Bi Kijakazi aliposikia, alijipiga kifua. "Hasidi yule! Hasidi mkubwa! Kakutilia jini, mwanangu." Akamchukua kwa waganga. Mwanawema akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, akafukizwa ubani na udi hadi macho yakavimba, akafungiwa hirizi mkononi na nyingine ikazikwa kizingitini. Jini halikutishika. Siku ya pili tu Hamad alimtumia salamu kwa jirani: mwambie Mwanawema asijichoshe na makombe.

Basi Mwanawema akaanza kunong'ona nyumbani kwake mwenyewe. Alipotaka chumvi aliinyooshea kidole. Binti yake Mwanapili, wa miaka saba, akajifunza kuzungumza kwa mikono kama bubu, akadhani ni mchezo. Mwanawema alikonda, na baadhi ya wateja wakaona afadhali wapeleke vitambaa kwa mafundi wengine. Kisha Hamad akatangaza kuwa atakwenda kwa Kadhi kumdai Mwanapili, kwa kuwa mama yake ni mwanamke asiyetulia, na ushahidi anao.

Mwaka huo skuli moja ya hapo Konde ilifungua darasa la kompyuta kwa wanawake wafanyabiashara, alasiri baada ya wanafunzi kuondoka. Mwalimu wake alikuwa Zuweina Turki, mzaliwa wa Konde aliyesomea kazi hiyo Unguja akarudi kufundisha kwao. Mwanawema alijiandikisha ili ajue kuuza nguo zake kwa mtandao, na pia, ukweli usemwe, ili apate mahali pa kukaa pasipo nyumbani.

Alasiri moja darasa zima lilikwama. Kila aliyefungua mafaili yake aliyakuta yamegeuka alama tupu zisizofunguka. Bi Zuweina alichomoa kijiti cha kuhifadhia mafaili alichotoka nacho duka la kuchapisha na kukichomeka katika kila kompyuta, akakitazama, akacheka.

"Nimewaletea maradhi mwenyewe," alisema. "Lakini si hasara. Kaeni, leo tusome maradhi."

Akaandika ubaoni: programu hasidi.

"Hili ndilo jina la ukoo," alieleza. "Programu yoyote iliyotengenezwa ili imdhuru mwenye chombo. Lakini watoto wa ukoo huu hawafanani, na ukiwachanganya utatibu kichwa wakati linalouma ni tumbo. Huyu wa leo ni kirusi. Kirusi ni kama kupe. Hana miguu ya kwenda mbali. Hujibandika kwenye faili, akangoja wewe ulichukue na kulifungua, ndipo aenee. Mwenzake ni mnyoo. Mnyoo hangoji kubebwa. Akishaingia kwenye kompyuta moja, hutambaa mwenyewe kupitia mtandao hadi nyingine, nyinyi mmelala."

Wanawake wakaguna. Mmoja akauliza juu ya ile ofisi ya Chake Chake iliyosemwa kuwa kompyuta zake zote zilijifunga zenyewe.

"Hiyo ni ya kudai fidia," akajibu Bi Zuweina. "Ni mwizi asiyechukua kitu. Anafunga makabati yako kwa kufuli lake, kisha anakwambia lipa nikupe ufunguo. Na ukilipa, huenda asikupe. Dawa yake ni kuweka nakala ya kazi zako mahali pengine kabla hajafika. Halafu zipo zinazokumwagia matangazo kutwa kucha. Hizo kero tu, ingawa nazo zina madhara yake. Wapo wawili wamebaki, na hao nawaogopa zaidi, kwa sababu huja pamoja. Wa kwanza huitwa Trojani. Huyu havunji mlango. Anabisha hodi, amevaa vizuri, mkononi ana zawadi. Ni mchezo, ni picha, ni programu nzuri unayoihitaji, na wewe mwenyewe unamwambia karibu. Zawadi inafanya kazi kama ulivyoahidiwa, kwa hiyo huna shaka. Lakini ndani ya zawadi kuna wa pili. Na wa pili mara nyingi ni mpelelezi. Yeye haharibu kitu. Simu inakwenda kama kawaida. Yeye ni mtu aliyelala uvunguni mwa kitanda chako. Anasoma unayoandika, anajua ulipo, na anapeleka papo hapo kwenye simu ya bwana wake."

Mwanawema alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka chini.

"Mwalimu," alisema, "huyo wa uvunguni, husikia?"

"Akiruhusiwa kutumia kinasa sauti, husikia."

"Hata kama simu sijapiga? Hata kama imelala tu pale, kwenye kabati la vyombo?"

"Hata kama imelala."

Mwanawema alinyanyuka. Alichukua simu yake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika nge kwa mkia, akatoka nayo, akavuka uwanja, akaiacha ndani ya mkoba kwenye chumba cha walimu, akafunga mlango. Akarudi darasani. Alisubiri wenzake waondoke, ndipo akamweleza Bi Zuweina kila kitu: mabibi harusi, mchumba wa Wete, kidonda kisichopona, makombe.

Bi Zuweina hakucheka. "Simu hiyo alikununulia yeye?"

"Nilinunua mwenyewe. Yeye hajanipa kitu ila..." Mwanawema akageuka kuutazama mlango wa chumba cha walimu. "Ramadhani, baada ya kuniacha. Alinitumia ujumbe, akasema tusamehane, mwezi mtukufu huu. Akanitumia programu ya saa za sala. Inaadhini vizuri sana, mwalimu. Kila siku naitumia."

Waliiendea simu ile kimya kimya. Bi Zuweina akaifungua sehemu inayoonesha kila programu imeruhusiwa kugusa nini, akamwonesha Mwanawema kwa kidole bila kusema neno. Programu ya saa za sala ilikuwa na ruhusa ya kusoma ujumbe. Ilikuwa na ruhusa ya kujua mahali. Ilikuwa na ruhusa ya kinasa sauti, na ilikuwa ikikitumia usiku na mchana. Walipokwisha kuirudisha mkobani na kutoka nje, Bi Zuweina akauliza, "Adhana inataka kusikia nini jikoni kwenu?"

Mwanawema aliegemea ukuta wa darasa. Kwanza alilia. Kisha hasira ikampanda, ya kukumbuka moshi wote ule aliovuta na usiku wote ule aliokesha akiogopa kiumbe asichokiona. Kisha, jambo ambalo hata yeye hakulitegemea, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu. Jini! Mtu mzima Hamad, mtu anayeshindwa kufunga balbu, kanunua kitu mtandaoni akakifanya jini, na mji mzima ukampisha njia!

"Tuifute sasa hivi," akasema Bi Zuweina.

"La, hasha. Ukiifuta leo, kesho atasema jini limekwenda kutembea. Na kwa Kadhi nitasema nini? Nani ataniamini? Weye fikiri, mwalimu. Mtu yuko uvunguni, naye hajui kuwa mie najua yuko uvunguni."

Bi Zuweina akatoa simu yake. "Haya. Lakini kwanza nipige picha kila kitu kwa simu yangu: hizi ruhusa, na ule ujumbe aliokuletea nayo, wenye namba yake. Ushahidi kwanza, mengine baadaye."

Jioni ile Mwanawema alimchukua mama yake hadi bandani kwa mbuzi, simu ikabaki ndani, akamweleza. Ilimchukua Bi Kijakazi muda kuelewa kuwa kitu kile hakina kwato wala hakiogopi ubani.

"Na kinaitwaje?"

"Programu hasidi, mama."

"Si nilikwambia mie!" Bi Kijakazi akang'aka. "Nilikwambia tangu mwanzo kuwa ni hasidi!"

Kesho yake asubuhi Mwanawema aliandika ujumbe kwa Bi Zuweina, kama walivyopanga: "Shoga, siri yako. Alhamisi naondoka na Mwanapili. Tutapita Mkoani tuvuke Makoongwe. Silima Kificho keshanijengea nyumba huko, tutafunga ndoa kimya kimya." Hapakuwa na Silima Kificho duniani, walau si Makoongwe. Jina walikuwa wamelitunga wawili hao uwanjani, chini ya jua.

Kisha akaiweka simu kwenye kabati la vyombo, akamkonyeza mama yake. Bi Kijakazi alipaswa kusema neno moja tu, la kumtakia heri. Lakini mwanamke yule alikuwa amenyamazishwa nyumbani kwake kwa miezi, na leo kaambiwa aseme.

"Huyo Silima!" akapaza sauti. "Huyo mwenye chongo la jicho la kushoto?"

Mwanawema akaziba mdomo kwa ukingo wa kanga. "Ndiye huyo, mama."

"Na anafuga bata!"

"Anafuga, mama."

"Bata mzinga! Haya, nenda mwanangu, ukapate raha. Lakini yule mtoto usimpeleke karibu na wale bata, wakali!"

Ilibidi Mwanawema atoke nje.

Hamad hakungoja Alhamisi. Jumatano alasiri Mwanawema aliitwa barazani kwa sheha, kiongozi wa mtaa wao, Mzee Nasor, na alipofika na mama yake na Bi Zuweina alikuta watu wamejaa hadi njiani. Habari ilikuwa imetangazwa: Hamad atalisemesha jini lake mbele ya sheha.

Hamad alisimama, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono. "Bwana Sheha, na nyinyi wazee wangu," alianza, "mwanamke huyu kesho anamtorosha mwanangu. Anakwenda naye Makoongwe, kuolewa kisirisiri na mtu anayeitwa Silima Kificho. Kamjengea nyumba. Na kama mnadhani nasema uongo, n'takutajieni hata sura yake. Ana chongo la jicho la kushoto. Anafuga bata mzinga, tena wakali."

Watu wakaguna kwa mshangao. Mzee Nasor akakuna ndevu. "Nani kakwambia haya, Hamad?"

"Nnaye wangu anayenambia. Hajapata kunidanganya."

Sheha akatoa simu yake, akampigia sheha mwenzake wa Makoongwe, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Wakaulizana hali, afya, watoto. Kisha akauliza. Sauti ya Makoongwe ikajibu kwa mshangao kwamba kisiwa kile ni kidogo, watu wake wote anawajua kwa majina, na hakuna Silima Kificho mwenye chongo wala mwenye macho mawili. Na bata mzinga hakuna hata mmoja.

Baraza likavuma. Hamad akageuka huku na huku. "Wanamficha," akasema.

"Naomba kusema, Bwana Sheha," akasema Mwanawema.

Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu wengi hivyo. Kwa miezi hakuwa amesema hata mbele ya mama yake. Lakini sauti ilipotoka, ilitoka kubwa.

"Silima Kificho nimemzaa mie," alisema. "Nimemtunga mie na Bi Zuweina. Jina lake nililiandika mahali pamoja tu, kwenye simu yangu. Chongo na bata kavitunga mama yangu, jikoni, mbele ya simu hiyohiyo. Sasa nauliza, jini gani hili lisilojua kuwa mtu hayupo? Nitakwambieni ni jini gani. Yapo maradhi ya kompyuta na simu. Yapo yanayobebwa kama kupe. Yapo yanayotambaa yenyewe. Yapo yanayofunga milango yakataka fidia. Hamad hakunitumia hayo. Yeye alinitumia zawadi yenye mtu ndani. Mwezi wa Ramadhani, akasema tusamehane, akanipa adhana. Na ndani ya adhana akaweka sikio lake."

Wazee walikunja nyuso. Kutumia adhana! Bi Zuweina akampelekea sheha zile picha, akamwonesha ujumbe na namba ya aliyeutuma, akaeleza ruhusa moja moja kwa utaratibu.

"Namba ni yangu," Hamad akasema, jasho likimtoka. "Nilimtumia programu ya sala. Kuna dhambi gani? Mie n'tajuaje kama ina mambo ndani? Labda hata mie nimedanganywa!"

Ilikuwa hoja, na baadhi ya watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mwanawema akaitoa simu yake mkobani. Mbele ya macho ya wote aliandika ujumbe mfupi kwenda kwa Bi Zuweina, akautuma.

Simu ya Bi Zuweina ikalia. Na hapohapo, ndani ya mfuko wa kanzu ya Hamad, kitu kikalia pia.

Macho yote yakauendea mfuko ule.

"Itoe," akasema Mzee Nasor.

"Bwana Sheha, ni ujumbe wangu tu wa..."

"Itoe, Hamad."

Aliitoa. Sheha akavaa miwani, akaishika simu ile mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa juu ya kioo: "Mwalimu, sasa hivi jini limo mfukoni, litalia."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi sokoni. Watu walianguka juu ya mabega ya wenzao. Wanawake waliokuwa nje wakapiga vigelegele, na cha kwanza kilikuwa cha Bi Kijakazi. Hamad alisimama katikati, mikono imening'inia. Wale waliozoea kumpisha njia sasa walimsogelea ili waione hiyo simu.

Mwanawema hakucheka. Alimwendea hadi wakawa uso kwa uso. "Ulitaka nirudi kwa hofu," alimwambia. "Ungeniomba tu, ningekukatalia, yakaisha. Angalau ungebaki mtu."

Sheha alizishika simu zote mbili, akasema kuwa hayo yamemzidi kimo, ipo sheria ya makosa ya mtandao na pana mahali pa kuyapeleka. Siku iliyofuata polisi walimchukua Hamad kwa mahojiano, na Mwanawema akaandikisha maelezo yake bila kutafuta maneno.

Baada ya hapo baraza la nyumba yao halikukaa tupu. Wateja walirudi, na kila aliyekuja kupimwa nguo alikuja pia na simu. Bibi mmoja wa Micheweni alileta yake imefungwa ndani ya leso, akiapa kuwa imepagawa, kila akiigusa inatoa picha za wanawake nusu uchi. Mwanawema akaitazama. "Hii ni ya matangazo, bibi. Mjukuu wako kaweka mchezo." Akaufuta, akamrudishia. Mwingine alikuwa na mpelelezi kweli, na akasindikizwa hadi kituoni. Bi Zuweina akamwomba awe anafundisha naye sehemu ile ya somo, kwa sababu, alisema, Mwanawema akieleza, wanawake hawasahau.

Siku ya kwa Kadhi ilifika. Hamad, aliyekuwa nje kwa dhamana, alikuja na shauri lake lakini hakuwa na shahidi. Kadhi alikuwa na taarifa zote mbele yake, akauliza maswali machache, akasikiliza pande zote. Kisha akasema kuwa mtoto atabaki kwa mama yake, na baba atamwona kwa utaratibu utakaowekwa, mchana, mbele ya watu.

Mwanawema alishukuru, akatoka nje. Jua lilikuwa kali. Mwanapili alikuwa kivulini na bibi yake, akila chungwa.

"Mama, tumeshinda?" akauliza.

"Tumeshinda, mwanangu."

"Sana?"

"Sana."

Mtoto akalitupa ganda la chungwa, akapangusa mikono kwenye gauni jipya aliloshonewa kwa siku hiyo. Wakatembea watatu kuelekea gari za Konde, Bi Kijakazi akiwa mbele, akiwasimulia watu asiowajua habari za bata mzinga.